Habari ya Kuchagua Chuo Kikuu



Kila mwaka majibu ya mtihani wa kidato cha sita yatokapo mwezi wa Julai, nyumba zetu nyingi huingiwa na furaha na mashaka kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa mtoto amefaulu. Mashaka, kwa kuwa sasa hana budi kuchagua chuo, na aghalabu nyumbani mwake hakuna mtu aliyewahi kukanyaga mlango wa chuo kikuu. Wazazi wamekuja barazani kwetu wakauliza, na walimu wa shule wameuliza vile vile: Je, kijana achaguaje?

Sisi hatukusoma chuo kikuu. Tulisoma shule ya misioni, kisha tukafundishwa kazi ya ukatekista, basi. Lakini tumempeleka mtoto mmoja mpaka mlangoni mwa chuo kikuu, tukamwongoza vibaya. Na mwingine tumemtazama akichagua mwenyewe. Twaona ni heri kuyaeleza yote mawili, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Kwanza na tukumbuke kwamba wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki aliyetaka elimu ya juu alikuwa na njia moja tu, nayo ni Makerere huko Uganda, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya kazi za mikono. Mwalimu Julius Nyerere alisoma huko tangu mwaka 1943 hata 1945, akapata cheti cha ualimu. Kisha mwaka 1949 akavuka bahari kwenda kusoma Edinburgh. Hapakuwa na kuchagua. Mlango ulikuwa mmoja, na waliopita walikuwa wachache mno.

Mwaka 1961 chuo kilianzishwa Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jumba la mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali paitwapo Mlimani hata leo. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea. Kitivo chake cha kilimo kilichokuwa Morogoro kikasimama peke yake mwaka 1984, kikaitwa Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa kumbukumbu ya Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka huo huo. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya Chuo Kikuu Huria, wapate kusoma wale wasioweza kuacha kazi na nyumba zao. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Na madhehebu ya dini na watu binafsi nao wamefungua vyuo vyao. Basi mlango uliokuwa mmoja umekuwa milango mingi. Hiyo ni neema. Lakini penye milango mingi mgeni hupotea upesi kuliko penye mlango mmoja.

Sasa tueleze kosa letu.

Mtoto wetu wa kwanza alimaliza kidato cha sita mwaka 2018. Alisoma uchumi, jiografia na hisabati, akafaulu vema. Tangu utoto wake alipenda kufundisha. Jioni ungemkuta ukumbini na wadogo zake na watoto wa jirani, anaandika hesabu kwa mkaa juu ya bati la zamani. Alipotuambia kwamba ataka kusomea ualimu wa hisabati, sisi hatukufurahi. Tulisema moyoni: Baba yake ni mwalimu wa dini, asiye na mshahara wa maana, je, na mtoto naye akae na chaki mpaka uzee wake? Tukamtaka asome biashara katika chuo kimoja cha mjini chenye jina kubwa. Hatukuuliza ada ni kiasi gani kwa miaka yote; tuliuliza ya mwaka wa kwanza tu. Hatukuuliza kama atapata mkopo. Tulidhani kila aliyefaulu hupewa. Wala hatukumwuliza yeye mwenyewe kama ameridhika. Alinyamaza, nasi tukadhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Mkopo hakuupata. Mwaka wa kwanza tuliuza korosho zote, tukaazima na kwa ndugu. Mwaka wa pili mvua zilinyesha wakati wa maua, mazao yakawa haba, na deni la mwaka wa kwanza lilikuwa halijakwisha. Alilala chumba kimoja na wenzake watatu, akala mlo mmoja kwa siku, asituambie. Mwaka 2020 akarudi nyumbani na sanduku lake. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na jambo hilo lilituuma kuliko lawama. Baadaye akaingia chuo cha ualimu, akapata stashahada, na sasa afundisha hisabati katika shule ya sekondari. Amefika pale alipotaka kufika tangu mwanzo, ila amezunguka njia ndefu, na mzunguko ule tulimzungusha sisi.

Basi mwaka 2023 mpwa wetu, binti wa dada yetu, akamaliza kidato cha sita. Baba yake alikwisha fariki. Nanyi mwajua desturi yetu sisi watu wa kusini, upande wa Masasi na Newala: neno la mjomba ni zito. Mama akisema, watoto husikia. Mjomba akisema, jambo limekwisha. Dada yetu alitujia akasema, “Kaka, mtoto wako huyu. Sema wewe aende wapi.” Tukaingiwa na hofu, maana tulilijua neno letu lilimfikisha wapi yule wa kwanza.

Habari yake ilikuwa hivi. Alisoma fizikia, kemia na biolojia. Alipata D katika fizikia, C katika kemia na B katika biolojia. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1; basi jumla yake ilikuwa 9. Aliomba vyuo kadhaa, vikamjibu viwili. Cha kwanza ni chuo kimoja cha watu binafsi katika mji mkubwa, kilichomkubali kusoma udaktari wa binadamu. Kwa kuwa katika vyuo vya serikali nafasi za udaktari zilichukuliwa na wenye alama kubwa kuliko zake. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichomkubali kusoma kilimo. Na kanuni ni kwamba aliyekubaliwa na vyuo viwili au zaidi hana budi kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri apelekewayo katika simu, kabla ya siku iliyotajwa. Siku zilizobaki zilikuwa sita.

Tukawaita watu wachache waje barazani: dada yetu, mama yetu mzazi ambaye ni bibi yake, mwalimu wa sekondari aliyemfundisha biolojia, na ndugu yetu mdogo mwenye duka. Binti mwenyewe tukamkalisha katikati, si mkekani kando pamoja na watoto.

Ndugu yetu wa duka alianza. Akasema, “Habari hii haina mjadala. Ukoo wetu wote hauna daktari hata mmoja. Hapa kijijini mama mjamzito akizidiwa usiku, twampakia juu ya pikipiki. Mungu ametufungulia mlango, nasi tukae kupima? Mchagua jembe si mkulima.”

Maneno yake yalikuwa na nguvu, wala hatukuweza kuyapuuza, kwa kuwa habari ya pikipiki ni kweli, na dada yetu mwenyewe aliijua.

Ndipo mwalimu akatwaa karatasi akapiga mstari katikati, kisha mwingine wa kulala, zikapatikana nyumba nne. Akaandika juu: Udaktari, Kilimo. Na kando: Faida, Hasara. Akasema, “Tusiseme lipi ni zuri. Yote mawili ni mazuri. Tuandike kila moja lataka nini kwetu, na litampa nini yeye.” Tukaandika mpaka taa ikapungua mafuta. Twawaeleza yale tuliyoyaandika, maana huenda yakawafaa na ninyi.

Neno la kwanza lilikuwa miaka. Udaktari wa binadamu ni miaka mitano chuoni, na baada yake mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini chini ya uangalizi, kabla mtu hajasajiliwa kuwa daktari kamili. Kilimo ni miaka mitatu. Miaka sita na miaka mitatu si tofauti ndogo kwa mama mjane mwenye watoto wengine wawili shuleni.

La pili lilikuwa fedha. Dada yetu ana mikorosho sitini. Korosho zetu huuzwa kwa njia ya stakabadhi ghalani: mkulima apeleka mzigo kwa chama cha msingi, unawekwa ghalani, unanadiwa, kisha fedha hulipwa. Minada huanza mwezi wa Oktoba, nao ndio wakati vyuo vifunguliwapo. Hilo ni jema. Lakini muhula wa pili ukija, karibu na Machi na Aprili, nyumbani hamna hata senti, maana mkorosho hauzai mara mbili kwa mwaka. Tukapiga hesabu: ada ya udaktari katika chuo kile kwa mwaka mmoja ilizidi mapato yote ya mikorosho sitini katika msimu mzuri, kabla hatujahesabu chakula, chumba na vitabu. Ada ya kilimo ilikuwa chini sana.

La tatu lilikuwa mkopo. Hapa wazazi wengi hukosea kama tulivyokosea sisi, basi tulieleze kwa urefu kidogo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huwapa mkopo wenye uhitaji, nao hupimwa. Si kila aombaye hupewa, na apewaye huenda asipewe vyote. Mtoto aliyefiwa na mzazi yampasa kuonyesha cheti cha kifo kilichohakikiwa. Dada yetu cheti cha mumewe hakuwa nacho. Mtu alizikwa, watu wakalia, matanga yakaondolewa, hakuna aliyefikiri habari ya karatasi. Ilitupasa kwenda wilayani mara tatu. Basi ninyi wasomaji wenye wajane na yatima karibu yenu, msingoje mwezi wa Julai. Vyeti vitafutwe mtoto angali kidato cha tano.

Tena mkopo si sadaka, ni deni. Aliyemaliza masomo hupewa muda wa miaka miwili, kisha huanza kulipa. Akiwa na kazi ya mshahara, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kwa kila mwezi. Kadiri hii iliwekwa mwaka 2016. Kabla yake ilikuwa asilimia 8. Kwa mfano, mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 120,000. Ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe, iliondolewa mwaka 2021, na wengi wameshukuru. Hata hivyo deni ni deni, na kijana alijue kabla hajatia sahihi.

La nne lilikuwa uhalali wa chuo na wa somo lenyewe. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo kadhaa visipokee wanafunzi wapya, kwa kuwa havikutimiza masharti, na wazazi wengi walifadhaika. Tume hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, chenye majina ya vyuo na masomo yaliyokubaliwa, na alama zitakiwazo. Mwalimu alikuwa nacho katika simu yake, akatafuta, akayaona masomo yote mawili yamo. Tukaandika alama ya vema pande zote mbili.

La tano lilikuwa umbali. Kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam ni safari ya kutwa kwa basi. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003 safari imekuwa nyepesi kuliko enzi za kivuko. Morogoro ni mbele yake tena. Hapo kilimo kilipata hasara, na tuliiandika kwa haki. Lakini mwalimu alisema kwamba mji mdogo una gharama ndogo za chumba na chakula, nasi tukakumbuka mlo mmoja wa mtoto wetu, tukanyamaza.

La sita lilikuwa kazi baada ya masomo. Ndugu yetu wa duka alisema kwamba daktari hakosi kazi. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba siku hizi hata madaktari wako waliomaliza wakangoja ajira, na wa kilimo kadhalika. Shahada si ajira. Tofauti ni hii, akasema: daktari asipoajiriwa ni vigumu kujifungulia hospitali, wa kilimo asipoajiriwa na ardhi ipo, aweza kuanza jambo, ijapokuwa dogo. Ndugu yetu akacheka, akasema, “Yaani arudi kulima kama sisi? Na miaka mitatu ya nini?” Hatukucheka naye, kwa maana binti aliinamisha kichwa.

Hapo tulikuwa tumeandika mambo sita, na moyo wake yeye hatukuuandika. Tukakumbuka bati na mkaa. Tukasema, “Mpwa wetu, sisi tumesema sana. Wewe waonaje?”

Alikaa kitambo, kisha akanena hivi: “Mjomba, wote mwadhani naogopa udaktari kwa sababu ya fedha. Hata fedha zingekuwapo ningepata taabu kuchagua. Nilipokuwa kidato cha tano tulipelekwa Naliendele, kule wanakofanya utafiti wa korosho. Nikaona jinsi wanavyobebesha miche, kikonyo cha mti mzuri kikapandikizwa juu ya mche wa kawaida. Nikaona maua yenye ubwiriunga, yamekauka kama yetu yalivyokauka mwaka ule baba alipokuwa mgonjwa. Niliuliza maswali mpaka wenzangu wakanichoka. Tangu siku hiyo nikipita shambani sioni miti tu, naona maswali. Lakini mama akizungumza habari ya baba, nasema heri ningekuwa daktari. Basi sijui.”

Wasomaji wetu wa kusini hawana haja ya kuelezwa ubwiriunga; lakini kwa ajili ya wa mbali, ni ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, ushikao majani machanga na maua, maua yakakauka yasitoe korosho. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Miaka ya 1980 zikashuka hata chini ya tani 20,000 kwa msimu. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, bei mbaya, na ugonjwa huo. Baba zetu walidhani mikorosho imerogwa. Ni wataalamu wa kilimo waliotufundisha kunyunyiza salfa, na kupunguza matawi, na kupanda miche bora. Sisi tulisoma shule ya misioni kwa korosho, na wengi wenu kadhalika. Kwa hiyo aliyeuliza miaka mitatu ya kusomea kilimo ni ya nini, alikuwa amekalia jibu lake.

Bado tulikuwa hatujui. Ndipo mama yetu, ambaye hakusema neno tangu jioni, akauliza swali moja. Akamwambia, “Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma karatasi hiyo. Niambie tu: fedha zikikatika katikati ya njia, huku utarudi na nini mkononi, na huku utarudi na nini?”

Baraza yote ikanyamaza. Aliyekatiwa njia katika mwaka wa tatu wa udaktari hana shahada. Aliyefika mwaka wa tatu wa kilimo yu karibu kumaliza. Mama hakututazama, lakini tulijua swali lile alilibeba tangu siku ile mjukuu wake mwingine aliporudi na sanduku.

Dada yetu akatugeukia akasema, “Kaka, sema sasa.” Na hapo ndipo palipokuwa pagumu kwetu, maana neno lilikuwa ulimini, na desturi ilitupa haki ya kulisema. Tukamjibu, “Sisi tulisema mwaka 2018. Mara hii atasema yeye. Karatasi ni hii, siku zimesalia. Akichagua udaktari, tutatafuta fedha kwa nguvu zetu zote, wala hatutamhesabia. Akichagua kilimo, asisikie mtu akimwita mkulima kwa dharau.” Ndugu yetu wa duka hakupenda, lakini aliitikia.

Siku tano akaitembea na karatasi ile. Siku ya sita, usiku, akaja na simu mkononi, akasema, “Mjomba, nimethibitisha Sokoine.” Tukamwuliza kama amefanya hivyo kwa ajili ya fedha. Akajibu, “Kwa nusu. Nusu nyingine ni ile safari ya Naliendele. Singeenda kwa ajili ya nusu moja tu.” Twaona hilo ni jibu la mtu mzima.

Msidhani kwamba mambo yalikwisha kwa vigelegele. Bodi ilimpa mkopo, lakini si wote, na mama yake ameendelea kuongeza kila msimu. Mwaka 2024 alituambia kwamba kemia ya udongo imemtoa machozi, na kwamba akiwaona rafiki zake wa shule katika picha, wamevaa makoti meupe, moyo wake hushtuka kidogo. Hatukumficha kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Kila achaguaye njia moja huiacha nyingine, na ile iliyoachwa huonekana nzuri kwa mbali, kwa kuwa mtu hakuona mashimo yake. Alipokuja likizo akapita shambani kwa mama yake na kisu, akakata matawi mengi mpaka dada yetu akapiga kelele kwamba mtoto ataua miti. Miti haikufa.

Wala msidhani kwamba twasema kilimo ni bora kuliko udaktari. Mwaka ule ule kijana mwingine wa jirani zetu alichagua udaktari, alama zake zikiwa kubwa, na mkopo akapata, na moyo wake uko huko. Naye alichagua sawasawa. Jibu la mtoto wa jirani si jibu la mtoto wako. Maswali ndiyo yaliyo sawa, majibu hayawi sawa.

Basi, ndugu wazazi, twawaomba mambo machache. Pigeni hesabu ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza. Hata ajengaye nyumba ya udongo huhesabu fito kabla ya kuchimba. Tafuteni vyeti mapema. Msichague jina la chuo, chagueni somo na walimu wake, kisha jina lifuate. Na mtoto akinyamaza, msidhani amekubali, mwulizeni tena.

Nanyi walimu, msiwaachie vijana kitabu cha mwongozo tu. Kaeni nao jioni moja kwa karatasi yenye nyumba nne. Na mkiweza wapelekeni waone kazi zinavyofanyika, shambani, hospitalini, karakanani. Kwa kuwa safari moja ya Naliendele ilimfaa mpwa wetu kuliko shauri letu sote wajomba.

Nanyi vijana, msiwe wepesi wa kuwalaumu wazazi wenu kama wakikosea. Wanawatakia mema, na huogopa kwa niaba yenu. Lakini semeni yaliyomo mioyoni, kwa adabu, mapema, siku zingalipo. Yule wa kwanza wetu, tulipomwuliza juzi kwa nini hakusema mwaka ule, alijibu, “Baba, sikuulizwa.” Neno hilo tumelikubali, nasi tumeliandika hapa ili mwingine asiambiwe kama tulivyoambiwa sisi.